Vitabu, Kurasa au Dakika? Kuchagua Lengo la Kusoma la Mwaka na Namna ya Kulifuatilia

Mwaka uliopita wanachama wawili wa kikundi chetu cha wasomaji hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, waliufunga mwezi wa Desemba na idadi ileile ya vitabu, 24 kila mmoja, na wote wawili wakapigiwa makofi. Tulipofungua madaftari yao tulikuta kwamba mmoja alikuwa amesoma kurasa 2,960 na mwenzake kurasa 7,105, na kwamba katika vitabu vyote 48 ni kimoja tu kilichoandikwa kwa Kiswahili, ingawa kikundi chenyewe kilianzishwa ili tujizoeze kusoma Kiswahili. Mwanachama wa tatu, ambaye alikuja amejiinamia kwa sababu alimaliza vitabu 9 tu, alikuwa na vitabu 5 vya Kiswahili. Huyo hakupigiwa makofi, na mpaka leo naona tulimkosea.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, kwa hiyo jambo hili linanigusa kwa karibu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo, wengi wetu tulisomeshwa kwa Kiingereza, tunakisoma kwa kasi zaidi kuliko tunavyosoma Kiswahili, na kila lengo linalotuhimiza kumaliza haraka hutuelekeza, bila sisi kujua, kwenye rafu ya Kiingereza. Kwa sababu hiyo nitapima kila njia hapa chini kwa maswali mawili: je, inamsaidia mtu asome zaidi, na je, inakiachia Kiswahili nafasi?

Kabla ya kuchagua daftari au programu ya simu, mtu anapaswa kuamua kwanza anahesabu nini. Wengi huanza na chombo, wakapakua programu usiku wa mwaka mpya na kujaza namba yoyote iliyowajia, kisha chombo hicho ndicho kinachowaamulia kipimo.

Kuhesabu vitabu na kuhesabu kurasa

Kuhesabu vitabu ndiyo njia inayojulikana zaidi, na sifa yake kubwa ni kwamba haihitaji maelezo. Vitabu 12 ni kimoja kwa mwezi, 24 ni viwili kwa mwezi, 52 ni kimoja kila wiki, na mtu yeyote utakayemwambia ataelewa mara moja. Kitabu kilichomalizika kina raha yake pia: unafunga jalada, unaandika jina lake, unamrudishia mwenyewe. Kwa mtu ambaye hajamaliza hata kitabu kimoja tangu atoke shuleni, lengo la vitabu 6 kwa mwaka linatosha kabisa, wala sioni sababu ya kumtwisha hesabu nyingine.

Tatizo huanza idadi inapopanda. Riwaya ya Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi, Mganda mwenzetu, ina kurasa zaidi ya 400, ilhali Nagona ya Euphrase Kezilahabi haifiki kurasa 100. Kwa anayehesabu vitabu, hiyo ni moja na hiyo ni moja. Kufikia Septemba, msomaji aliyechelewa huanza kuchagua vitabu kwa unene wa mgongo, na vile vinene alivyovinunua kwa hamu mwezi Januari hubaki rafuni vikiwa vimefunguliwa hadi sura ya pili. Nimewahi kufanya hivyo mwenyewe, na nilipomaliza mwaka nikiwa nimetimiza lengo, sikuweza kueleza kwa dakika mbili kile nilichokisoma katika nusu ya vitabu vile.

Kurasa hurekebisha kosa hilo. Kurasa 10 kwa siku ni kurasa 3,650 kwa mwaka, yaani vitabu 18 hivi vya kurasa 200. Kurasa 15 kwa siku ni 5,475. Msomaji haogopi tena kitabu kinene, kwa kuwa kila ukurasa anaougeuza unaingia katika hesabu siku hiyohiyo, haba na haba mpaka kibaba kijae. Faida nyingine, ambayo mimi naithamini kuliko zote, ni uhuru wa kuacha kitabu. Anayehesabu vitabu na amefika ukurasa wa 130 wa kitabu kisichomfaa hujilazimisha mpaka mwisho ili asipoteze kazi yake, na kwa wiki tatu hasomi kwa sababu hataki kukifungua. Anayehesabu kurasa huziandika zile 130, akakiweka chini, na usiku uleule akafungua kingine.

Lakini kurasa nazo zina udhalimu wake, na Nagona hiyohiyo inauonyesha vizuri. Ni kitabu chembamba, ila mtu hakipiti mbio. Nilikisoma kwa muda mrefu kuliko riwaya za upelelezi zenye unene mara tatu, nikirudi nyuma kila baada ya aya chache. Diwani ya mashairi ndiyo inayoumia zaidi. Ukurasa mmoja wenye beti nne za tarbia unaweza kumkalisha mtu robo saa akitafuta maana ya neno moja la kale, na daftari litamwandikia ukurasa 1 sawa na ukurasa wa mazungumzo matupu. Katika kikundi chetu tumekubaliana kwamba ukurasa wa ushairi uhesabiwe mara mbili. Kanuni hiyo si ya kisayansi, lakini tangu tuiweke, diwani mbili zilizokuwa zimekaa kabatini miaka miwili zimezunguka mikononi mwa watu wanne. Kuhusu ukubwa wa herufi na matoleo tofauti ya kitabu kimoja, sishauri mtu apoteze usingizi; tofauti hizo husawazika zenyewe mwaka unapokwenda. Anayesoma vitabu vya kielektroniki ambavyo huonyesha asilimia badala ya kurasa atafute idadi ya kurasa za toleo la karatasi na kupiga hesabu kwa hiyo.

Dakika, kwa anayesoma polepole

Njia ya tatu ni kuhesabu muda. Dakika 20 kwa siku hufikia takriban saa 122 kwa mwaka, na dakika 30 hufikia zaidi ya saa 182. Nilikuwa nikiidharau njia hii, nikiona kwamba mtu anaweza kukaa na kitabu nusu saa huku mawazo yako sokoni, mpaka mzee mmoja alipojiunga nasi. Ni askari polisi mstaafu, na Kiswahili chake alikipata kazini, kama ilivyokuwa kwa askari wengi wa polisi na wanajeshi wa nchi hii. Anakisema kwa ufasaha na kwa amri, lakini hakuwahi kukisoma kitabuni. Jumapili ya pili alifika akiwa ameshika riwaya yake kwa kidole kilichowekwa katikati ya kurasa, akanivuta kando.

"Mwalimu, wiki nzima nimesoma kurasa 19 tu. Hawa wenzangu wanataja mia na kitu."

"Afande, kila siku ulikaa na kitabu muda gani?"

"Nusu saa. Nikishakunywa chai ya jioni, nusu saa, bila kukosa."

Nusu saa kwa siku saba ni saa tatu na nusu. Yule aliyesoma kurasa 110 za Kiingereza wiki ile alipoulizwa alikiri kwamba hazikumchukua hata saa tatu. Tulimbadilishia Afande kipimo siku hiyohiyo, akaendelea na dakika zake, na baada ya miezi mitano nusu saa yake ilikuwa inabeba kurasa 8 au 9 badala ya 3. Kama angeendelea kuhesabu kurasa tangu mwanzo nina hakika angeacha kabla ya mwezi wa pili. Kwa hiyo, kwa mtu mzima anayejifunza kusoma Kiswahili, au kwa mwanafunzi ambaye bado anafuata mstari kwa kidole, dakika ni kipimo cha haki kuliko vitabu na kuliko kurasa. Mtu anapozoea, kasi yake ikitulia, anaweza kuhamia kwenye kurasa.

Dakika zinafaa pia kwa anayesikiliza vitabu vya sauti, ingawa vya Kiswahili bado ni haba, na kwa hiyo njia hiyo humrudisha msikilizaji kwenye Kiingereza.

Kuiweka lugha ndani ya lengo

Hapa ndipo ninapotofautiana na mashauri mengi yanayotolewa kuhusu malengo ya kusoma, kwa sababu hutolewa na watu wanaosoma lugha moja. Msomaji wa Uganda ana Kiingereza cha shule, ana lugha ya mama, na wengi wana Kiswahili. Lengo lisilotaja lugha litajazwa na lugha iliyo rahisi kwake na ambayo vitabu vyake vinapatikana karibu, na hiyo ni Kiingereza karibu kila mara. Wanachama wetu wawili wenye vitabu 24 hawakukidharau Kiswahili. Walikuwa wakifuata namba, na namba haikuwauliza lugha.

Kuna namna mbili za kulirekebisha hilo. Ya kwanza ni kuweka mgao ndani ya lengo moja, kwa mfano vitabu 12, na kati yake visipungue 4 vya Kiswahili na 1 cha lugha ya nyumbani, iwe Dhopadhola, Ateso, Lusoga au Luganda. Ya pili ni kuweka malengo mawili yaliyotengana kabisa, kila lugha na kipimo chake, kwa mfano kurasa kwa Kiingereza na dakika kwa Kiswahili. Mgao ni rahisi kuukumbuka, lakini una udhaifu mmoja: watu huuacha mpaka mwisho, na Novemba inapofika wanadaiwa vitabu vyote 4 kwa pamoja. Malengo mawili yaliyotengana huleta kazi zaidi ya kuandika, ila kila wiki yanauliza swali lake, na mtu hawezi kulipa deni la Kiswahili kwa sarafu ya Kiingereza. Baada ya kujaribu zote mbili, nimebaki na ya pili.

Suala la vitabu vyenyewe lisisahauliwe. Mtu wa Tororo ana bahati kwamba miji ya mpakani ya Malaba na Busia iko karibu, na upande wa Kenya vitabu vya Kiswahili, hasa riwaya na tamthilia zinazosomwa shuleni, ni vingi kuliko huku. Aliye mbali na mpaka apange mapema, aagize vitabu vinne au vitano kwa pamoja kupitia kwa mtu anayesafiri, kwa sababu mgao wa Kiswahili hufa pale msomaji anapomaliza kitabu kimoja na kukosa cha pili.

Daftari na programu za simu

Baada ya kuamua kipimo na lugha, sasa chombo. Waswahili walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kurasa zilizosomwa ni mali ya aina hiyo: usipoziandika, mwezi wa sita hujui kama umesoma 900 au 1,900.

Daftari langu la mwaka huu ni la kurasa 96, la kawaida, lenye bei kama ya rolex moja, ile chapati ya kuviringwa na mayai, pale kituoni. Kila ukurasa nimeupiga mistari kwa rula na kupata safu tano: tarehe, kitabu, kutoka ukurasa hadi ukurasa, jumla, na lugha. Kwa kuwa Kiswahili na Kiingereza vyote huanza kwa K, katika safu ya lugha naandika S au I. Mstari wa tarehe 14 Machi unasomeka hivi: kitabu, 41 hadi 52, kurasa 12, S, na pembeni yake kuna duara la kahawia lililoachwa na kikombe, kwa sababu umeme ulikatika na nilikuwa nikiandika kwa mwanga wa tochi ya simu. Chini ya kila ukurasa najumlisha S peke yake na I peke yake, kisha nazipeleka jumla hizo mbili juu ya ukurasa unaofuata, kama mwenye duka anavyofanya na mauzo yake. Kazi yote haichukui dakika mbili kwa usiku. Kitu ambacho sikukitarajia ni kwamba macho yenyewe huanza kusoma ile safu ya mwisho: ukiona I, I, I, I kutoka juu hadi chini ya ukurasa, huhitaji mtu wa kukuambia kilichotokea wiki ile.

Udhaifu wa daftari ni wa wazi. Hujumlishi kwa usahihi ukiwa na usingizi, huwezi kutafuta kwa haraka kitabu ulichokisoma mwaka juzi, na likipotea limepotea na mwaka wako. Mwalimu mwenzangu aliliacha lake ndani ya taksi ya kutoka Mbale mwezi wa nane, na hakulipata tena. Tangu hapo napiga picha ya kila ukurasa unapojaa.

Upande wa programu, mbili ndizo zinazotajwa zaidi. Goodreads ilianza mwaka 2007, ikanunuliwa na Amazon mwaka 2013, na ndiyo iliyolizoesha wengi lengo la mwaka la kuhesabu vitabu: unaandika idadi mwezi Januari, na kila unapomaliza kitabu inakuonyesha umefika wapi na uko mbele au nyuma ya ratiba kwa vitabu vingapi. Kipimo chake cha mwaka ni vitabu, kwa hiyo kasoro zote nilizozitaja juu zimo, na kitabu kisichoandikiwa tarehe ya kumaliza hakiingii katika hesabu, jambo linalowachanganya wengi mwezi Desemba. The StoryGraph ni changa zaidi. Ilianzishwa mwaka 2019 na Nadia Odunayo, mhandisi wa programu wa Uingereza. Inakuruhusu kuweka lengo la vitabu, la kurasa na la saa, yote kwa pamoja ukitaka, na unaweza kuhamishia humo kumbukumbu zako za Goodreads bila kuanza upya. Inaruhusu pia kutengeneza shindano lako mwenyewe lenye masharti unayoyaandika wewe, hivyo sharti la "kitabu cha Kiswahili" linaweza kuingia. Katika Goodreads unachoweza kufanya ni kutengeneza rafu yenye jina la Kiswahili na kuviweka vitabu humo, kisha ukahesabu mwenyewe. Zote mbili hutumiwa bila malipo, ingawa The StoryGraph ina huduma za ziada za kulipia. Kama uamuzi ungekuwa kati ya hizo mbili tu, ningechagua The StoryGraph bila kusita, kwa sababu ya kurasa na saa.

Faida za programu si za kupuuza. Simu ikiibiwa, akaunti yako inabaki, unaifungua katika simu nyingine na kuendelea, hesabu haikosewi, na michoro inayoonyesha miezi uliyosoma sana na miezi uliyolala inafundisha kitu. Kwa anayesoma Kiingereza zaidi, na vitabu vipya, sioni sababu ya kumkataza.

Kwa msomaji wa Kiswahili mambo ni tofauti. Februari nilikaa jioni nzima nikijaribu kuingiza katika programu moja vitabu vinane nilivyovinunua kwa muuza vitabu vilivyotumika kule Busia. Vitatu vilionekana. Viwili vilionekana ila kimoja jina lake limekosewa na kingine hakina idadi ya kurasa, na bila idadi hiyo lengo la kurasa halisogei. Vitatu havikuwapo kabisa. Kimojawapo ninacho hapa mezani: mgongo umefungwa kwa selotepu, bei imeandikwa kwa penseli ndani ya jalada, na nyuma, mahali ambapo kamera ya simu hutafuta mistari myeusi ya kuskani, kuna orodha ya vitabu vingine vya mchapishaji na hakuna zaidi. Hili halina mtu wa kulaumiwa. Namba ya kimataifa ya vitabu, ISBN, ilifanywa kiwango rasmi mwaka 1970, na kitabu kilichochapwa kabla ya hapo hakikuzaliwa nayo. Vitabu vinaweza kuingizwa kwa mkono, jina, mwandishi, mchapishaji na kurasa, na ningependa wasomaji wengi zaidi wa Kiswahili wafanye hivyo, kwa sababu kila anayeingiza kimoja humwondolea usumbufu anayekuja nyuma yake. Ila ni kazi ya dakika kadhaa kwa kila kitabu, na mtu aliyechoka atachagua kisicho na usumbufu, ambacho tena ni cha Kiingereza. Lugha ya programu zote mbili nayo ni Kiingereza.

Kuna pia suala la mtandao. Mnamo Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na hata katika siku za kawaida bando humalizika na umeme hukatika. Kumbukumbu ya kila siku ikitegemea vitu hivyo vitatu, itakuwa na mapengo, na mapengo yakishakuwa mengi mtu huacha kuandika. Aliyeamua kutumia programu aandike kwanza mahali pengine, hata kwenye kipande cha karatasi cha kuwekea alama, kisha ahamishe mara moja kwa wiki.

Jedwali la Excel au la Google liko katikati ya daftari na programu. Linajumlisha lenyewe, linaweza kutenga S na I kwa fomula moja, halikuulizi ISBN, na la Google linaweza kufunguliwa katika simu bila mtandao kama ulilitayarisha hivyo mapema. Kwa mwenye kompyuta ofisini ni chombo kizuri sana. Kwa mwenye simu ndogo, kuandika katika vijisanduku vile usiku ni adha.

Ratiba ya mwaka haigawanyiki sawasawa

Programu nyingi hugawa lengo lako kwa siku 365 na kukuambia uko nyuma. Mwalimu wa Uganda hana siku 365 zinazofanana. Muhula wa tatu huishia kwenye mitihani ya taifa ya UNEB, na kati ya Oktoba na mapema Desemba mtu anayesimamia na kusahihisha hasomi kitu chake. Januari, kabla shule hazijafunguliwa, anaweza kusoma kurasa 40 kwa siku. Mkulima wa huku mashariki hushikwa na mvua za Machi hadi Mei. Mwislamu katika mwezi wa Ramadhani huwa na kitabu kimoja anachokitanguliza juu ya vyote. Ukiambiwa kila usiku wa Novemba kwamba umechelewa kwa vitabu vinne, wakati ulijua tangu mwanzo kwamba Novemba si mwezi wa kusoma, utaifuta programu hiyo.

Daftari linashinda hapa kwa sababu unaligawa unavyotaka. Mimi nimegawa kurasa zangu 3,650 hivi: 1,100 kabla ya muhula wa kwanza kushika kasi, 1,700 kuanzia Machi hadi mwisho wa Agosti, 600 Septemba na siku chache za Oktoba, na 250 zilizobaki baada ya shule kufungwa. Kati ya Oktoba na Desemba sijidai chochote. Mwenye jedwali anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kujiwekea safu ya malengo ya kila mwezi. Mwenye programu aliyevumilia onyo lake atapuuza namba ile mpaka Desemba.

Nani achague nini

Anayeanza kabisa, ambaye hajui hata kama atafika Aprili, ahesabu vitabu, visizidi 6, viwili viwe vya Kiswahili, na aandike majina nyuma ya daftari lolote alilo nalo. Anayejifunza kusoma Kiswahili ahesabu dakika, achore kalenda ya mwezi ukutani na kuweka alama kila siku aliyotimiza nusu saa. Afande anatumia kalenda ya duka la dawa, na haihitaji zaidi ya kalamu. Mwanafunzi wa chuo anayesoma vitabu vya Kiingereza kwa wingi na ana mtandao wa uhakika atumie The StoryGraph kwa kurasa, huku akiwa na daftari dogo la Kiswahili pembeni, kwa sababu ndicho kitakachopotea humo. Msomaji mzoefu wa lugha mbili au tatu, ambaye ndiye ninayemfikiria zaidi katika maandishi haya, aweke malengo mawili yaliyotengana, ayaandike katika daftari lenye safu ya lugha, na kumwonyesha mtu mmoja daftari hilo kila mwezi. Mtu huyo asiwe mkali. Sisi huonyeshana Jumapili ya mwisho wa mwezi, na jambo la kwanza tunalolitazama sasa ni ile safu ya mwisho.

Na kama mwaka umekwisha kwenda nawe hukuanza, usisubiri Januari. Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, ni siku ya 188 ya mwaka wa kawaida, na sisi tumeifanya siku ya kupokea wanachama wapya na ya kila mmoja kurekebisha lengo lake, kupandisha au kushusha, bila kuulizwa maswali. Anayeanza siku hiyo, akiihesabu nayo, ana siku 178; kwa kurasa 10 kila siku, namba ya kuandika juu ya ukurasa wake wa kwanza ni 1,780.